Pamba Katika Chumba cha Mayu

Jumapili, 18 Mei 2025

Luhaga ameshinda, kama kawaida yake. Pamba imeingia chumbani kwa mayu, mama yetu, leo baada ya misa, magunia mpaka kimo cha dirisha, kwa sababu ghala la chama cha ushirika limejaa na yeye anaogopa wezi. Nilimwambia, kaka, chumba hiki kina mlango wa uani, na ndiyo njia ya mayu ya kwenda chooni. Akasema, "Wiki moja tu, Milembe. Usianze." Sijaanza, nimesema tu. Lakini mimi nikisema kitu katika nyumba hii huwa nimeanza.

Na lile bomba la kupulizia dawa ya pamba nalo limewekwa humo humo, kwenye kona, linanuka. Nimemwambia alitoe. Amesema atalitoa.

Mayu mwenyewe hakulalamika. Alikaa kitandani akitazama vijana wanavyopanga magunia, akawatania, "Sasa nitalala na mali kama bwana shamba." Amepita miaka sabini na mitano, magoti yamekufa, lakini mdomo uko palepale. Nimeishi naye tangu mume wangu alipofariki Maswa na mashemeji wakanionyesha mlango. Kwa muda wote huo sijamsikia akimkatalia Luhaga kitu. Ndiye mtoto wa kiume aliyebaki. Nimeshazoea, au najiambia nimezoea.

20 Mei

Nimeshona sare za kwaya. Upepo mwingi. Nyuzi za pamba kila mahali, hadi kwenye uji.

24 Mei

Chai ya mayu imerudi kikombe kizima. Anasema hana kiu. Magunia yameziba mlango wa uani, siku hizi akitaka kwenda chooni lazima apite sebuleni, atoke mbele, azunguke nyumba nzima, na hawezi kuzunguka bila kushikwa mkono. Mchana nikamsikia ananiita, nikaacha cherehani, nilipofika akasema, "Basi, rudi kwenye kazi yako, hamu imeisha." Nilicheka. Hamu ya choo huisha?

27 Mei

Wiki moja ya Luhaga imekwisha. Pamba ipo.

29 Mei

Joto kali kwa mwezi huu. Mayu amemlalamikia Luhaga kwamba panya wanacheza kwenye magunia na yeye hapati usingizi. Luhaga akasema niachie mimi, mayu, nitashughulikia. Nilidhani ataleta paka.

1 Juni

Mayu amelala mpaka jua limepanda juu. Panya wametulia, inaonekana. Paka sijamwona.

4 Juni

Jioni mayu aliniita Kabula. Kabula ni dada yake, tulimzika zamani. Kisha akaniambia nitoe wale ndama juu ya pamba, wataichafua. Nikamwuliza ndama gani, akanikasirikia. Asubuhi ya leo hii alikuwa mzima kabisa, tulisalimiana, "Mwangaluka, mayu," akaitika vizuri, akauliza habari za sare za kwaya. Nikajiambia ni uzee. Kila mtu husema ni uzee.

6 Juni

Anachuma pamba. Sijui niandike vipi. Amelala chali, macho wazi, na vidole vyake vinachuma hewani, vinavuta, vinaweka pembeni kwenye blanketi, vinarudi. Vidole vinajua kazi. Esteria, mke wa Luhaga, alikuja kuleta maziwa ya mgando, akasimama mlangoni akaziba mdomo. Jioni hii nimempa mayu maji kwa kijiko. Mengi yamemwagika.

Jumapili, 8 Juni

Nitaandika, maana kuanzia leo kila mtu atakuwa na habari yake ya kusimulia na mimi nataka yangu iwepo mahali.

Watu walikuja kumjulia hali baada ya ibada. Baba mdogo Mboje, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Luhaga na Esteria. Mama Clement wa jirani, ambaye hajawahi kukosa ugonjwa wa mtu. Walikaa pale pale chumbani, wengine juu ya magunia. Mimi nikaingia na uji.

Mayu aliniangalia kama anaangalia mtu aliyekuja kuiba. Akasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Huyu si Milembe. Milembe wangu alikufa Maswa na mume wake. Huyu amevaa nguo zake."

Nikacheka kidogo, ile ya aibu. Nikasema, "Mayu, ni mimi. Kunywa uji."

"Ameniwekea dawa ya pamba humo! Naisikia harufu! Kila siku ananiwekea, ndiyo maana siendi haja, ndiyo maana tumbo limejaa mawe!"

Harufu ya dawa ilikuwepo, jamani. Bomba liko kwenye kona, nyuma ya magunia ya Luhaga. Nilitaka kusema hivyo. Nilifungua mdomo, nikamtazama kaka yangu aseme yeye. Alikuwa anamtazama mayu.

Ndipo mayu akavuta gauni lake shingoni, akatoa ziwa nje mbele ya watu wote, akalishika mkononi. "Kama ulinyonya hili, likutapike. Uzi wako ukatike. Unachopika kisiliwe. Usije kunizika."

Mama Clement alianza kulia. Baba mdogo aliinamisha kichwa na kofia yake akaivua. Mtoto akionyeshwa ziwa na mama yake hivyo, huku kwetu hakuna neno zito kuliko hilo. Watu huhama kwa sababu yake. Nilisimama na bakuli la uji mkononi, na uji ulikuwa unanichoma vidole, na sikuliweka chini. Nilimchukia. Naandika hivyo hivyo. Miaka yote ya kumwogesha, kumsuka, kumkata kucha za miguu, na malipo yake ni haya, mbele ya Mama Clement.

Esteria peke yake ndiye aliyenipokea lile bakuli. Lakini aliliweka mbali, kwenye sakafu, na hakuna aliyeligusa.

Baba mdogo akasema tusubiri, tumwite mganga wa kuangalia. Nikasema hapana, kesho hospitali, hata kama nitambeba mgongoni. Luhaga akasema sawa. Nilimshukuru moyoni kwa lile sawa.

9 Juni

Bariadi mjini, hospitali. Daktari anaitwa Harieth, mtu wa Bukoba, anaongea haraka kama ana basi la kuwahi, lakini mikono yake haina haraka. Alimvuta mayu ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Akamwangalia ulimi, umekauka kabisa. Akammulika macho. Akambonyeza chini ya kitovu, mayu akapiga kelele.

"Kibofu kimejaa mpaka hapa," akasema. "Mkojo hautoki. Kuna dawa yoyote anatumia? Hata ya dukani, hata ya mizizi."

"Hakuna," nikasema mimi.

Akamgeukia Luhaga. "Kaka?"

"Hakuna," akasema Luhaga.

Nikalitoa na lile neno la sumu, maana lilikuwa linanisonga na lilikuwa lazima litoke. Nilimwambia daktari, mama yangu anasema nimemlisha dawa ya pamba, mpime. Hakushangaa. Alituita wote wawili tusogee, akammulika mayu tena. "Mtu wa dawa ya pamba mboni zake huwa ndogo kama kichwa cha sindano. Mate yanamtoka, jasho linamtoka, mkojo unamtoka wenyewe. Huyu mama mboni zimepanuka, mdomo mkavu, mkojo umefungwa. Ni kinyume chake kabisa. Hakuna aliyemlisha sumu hiyo, dada. Umenisikia, kaka?"

"Nimesikia," akasema Luhaga.

Nimeandika maneno hayo kwa sababu aliyasikia.

Walimwekea mpira wa mkojo. Ulijaa mfuko, ukabadilishwa. Mkojo wenyewe mchafu, kama maji ya tope. Mayu alilala papo hapo.

11 Juni

Leo nilimbana daktari kwenye korido. Nilitaka anieleze, kwa nini mkojo uharibu kichwa. Vya chini na vya juu vinahusiana vipi?

Akaniambia ubongo wa mzee hauna akiba. Kijana akipata maambukizi ya njia ya mkojo anapata homa na maumivu, basi. Mzee anaweza asipate hata homa. Mwili ukipigana na vijidudu unamwaga kemikali kwenye damu, zikifika kwenye ubongo wa mzee zinauvuruga. Ongeza na kukaukiwa maji: damu inapungua kasi, chumvi ya damu inapanda au inashuka, na chembe za ubongo zinafanya kazi kwa chumvi hiyo. Ongeza kukosa usingizi, kufunga choo, kubanwa mkojo. Kimoja angekivumilia. Vikija pamoja anachanganyikiwa ghafla, asubuhi mzima, jioni siye, anaona vitu, anachuma vitu hewani. "Si wazimu, si uzee, si uchawi," akasema. "Ni ubongo unaougua kama mapafu yanavyougua nimonia. Na mengi ya maneno yake si yake."

Kisha akakunja uso. "Lakini mboni zile na kibofu kile vinanisumbua. Vinafanana na mtu aliyekunywa dawa za aina fulani. Una uhakika?"

Nikasema nina uhakika. Mimi ndiye ninayemlisha.

Amenifundisha maswali ya kumwuliza kila asubuhi. Leo siku gani. Tuko wapi. Mimi ni nani. Leo alijibu kwamba ni msimu wa kupanda, tuko Lalago kwa baba yake, na mimi ni nesi.

12 Juni

Siku: hajui. Mahali: kanisani. Mimi: Kabula.

14 Juni

"Mimi ni nani, mayu?"

"We Milembe una nini? Niletee michembe ya viazi, chakula cha huku hakina ladha."

Nilienda nje nikalia nyuma ya jengo la kufulia. Hakumbuki ziwa, hakumbuki uji. Nilimwuliza kwa nini aliacha kunywa maji. Akasema kwa aibu, "Nilikuwa nakuita kila mara unikokote kuzunguka nyumba. Una kazi. Nikaona nisipokunywa sitakwenda." Basi ndiyo hivyo. Hasira yangu juu yake iliisha pale pale, nikabaki nimeishika hewani, sijui niiweke wapi.

17 Juni

Tumerudi. Pamba ipo. Nilivuta magunia mwenyewe mpaka mlango wa uani ukafunguka, na bomba nikalitupa nje. Mgongo unaniuma vizuri.

Mama Clement amechukua vitambaa vyake. Hakuja mwenyewe, alituma mtu. Hajashonewa hata kimoja.

19 Juni

Nilipika nsansa, mboga ya majani ya kunde, nikampelekea Esteria bakuli kama zamani. Alipokea kwa mikono miwili, akasema, "Wabeja, wifi." Nilipogeuka pale kwenye uzio nikamwona anawamwagia kuku. Nikarudi kumwuliza. Anasema Luhaga aliwaambia wazee kwamba hospitali haikupata jibu. Haikupata jibu! Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwuliza tena, akarudia.

22 Juni

Leo mayu, mzima kabisa, baada ya kujibu maswali yangu yote matatu sawasawa, aliniuliza, "Luhaga hajaleta vile vidonge vyangu?"

"Vidonge gani?"

"Vya usingizi. Vya manjano. Alisema nisikuambie, utagomba." Akafungua pindo la khanga yake anamofungia vitu vyake, akatoa karatasi ya vidonge vya mafua, vile vinavyomlaza mtu. Vilikuwa vimekwisha. Chini yake karatasi nyingine, nayo imekwisha.

Huyo ndiye paka.

23 Juni

Nilipanda bodaboda mpaka hospitali, nikamwonyesha Daktari Harieth. Aliigeuza ile karatasi, akapumua. "Basi ndiyo hii." Kuna kemikali ambayo chembe za ubongo hutumia kupashana habari, na kwa mzee tayari imepungua, vidonge hivi huizuia. Hukausha mdomo, hupanua mboni, hufunga kibofu. Mkojo uliolala ndani ukaoza, maambukizi yakaingia, maji hayakuwepo. "Mngeniambia siku ile ningejua mapema," akasema. Mngeniambia. Nilipokea lawama ile nikaondoka nayo.

Luhaga nilimkuta kwenye foleni ya ghala la chama, amepata nafasi hatimaye. Nilimwonyesha ile karatasi. Hakuuliza ni nini.

"Nilitaka alale tu, Milembe. Alikuwa analalamika."

"Sikulaumu kwa hilo. Pale hospitali?"

"Wewe ulishajibu hakuna. Ningekuumbua mbele ya daktari?"

Ni kweli, nilijibu mimi. "Na kwa wazee? Daktari alikwambia kwa masikio yako kwamba sijamlisha sumu."

Akatazama huku na huku, watu wasisikie. "Wakijua ni vidonge vyangu watasema mimi ndiye nilitaka kumuua mama. Mimi ni mwanamume, nina jina huku. Wewe maneno yatapita. Na baba mdogo amekubali litengenezwe, Jumapili mayu atapuliza maji kuondoa laana, yataisha."

Yataisha. Tuliogeshwa kwenye karai moja mimi na huyu mtu.

25 Juni

Uzi umekatika mara nne kwenye pindo moja. Najua ni sindano mbovu. Nimebadilisha sindano. Nimechukia kwamba niliogopa.

28 Juni

Nilimwambia mayu kila kitu. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilitegemea alie, nilitegemea amlaani, sijui. Nilitegemea angalau aniangalie.

"Kwa hiyo nilikutolea ziwa," akasema.

"Ulikuwa mgonjwa, mayu. Hilo nimelisamehe, halikuwa lako."

"Kesho nitapuliza maji, nitaliondoa. Lakini Luhaga usimtaje."

Nikamwuliza, basi maji yananisafisha nini, kama sikufanya kitu? Watasema nilifanya, nikasamehewa.

"Wewe watu wamekwisha kukusema. Yeye bado. Yeye ndiye atakayenizika, Milembe. Nikimharibia jina nazikwa na nani?" Na akanishika mkono, ule ule niliokuwa namnyweshea kwa kijiko. "Beba hili kwa ajili yangu."

Tarehe nane alinitukana na hakuwa yeye. Leo alikuwa ananibembeleza na alikuwa yeye mwenyewe. Hili ndilo lililoniuma.

Jumapili, 29 Juni

Walikuja wale wale na wengine zaidi. Mkeka uani, chini ya ukuta wenye kivuli. Baba mdogo alieleza kwamba neno la mzazi lilitoka vibaya na leo linarudishwa. Akampa mayu kibuyu cha maji. Mayu anajaza mdomo, ananipulizia kifuani, nasema wabeja, naingia jikoni kupika, wote wanakula. Ndivyo inavyofanyika, na ni nzuri, nimeiona ikiponya watu waliokoseana kweli.

Nilipiga magoti. Mayu akajaza maji mdomoni, mashavu yakavimba. Nikamwona Luhaga nyuma ya bega lake, amevaa shati nililomshonea mimi, na uso wake ulikuwa umeshaanza kupumzika.

Nikasogea. Maji yakaanguka kwenye mkeka.

"Mimi sina cha kusafishwa," nikasema. "Kaka, njoo ukae hapa nilipotoka."

Nikaweka zile karatasi za vidonge mbele ya baba mdogo, nikaeleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, panya, vidonge, mkojo, mboni za macho, na alichosikia Luhaga kwa daktari. Baba mdogo aliokota karatasi moja, akaisogeza mbali na macho kama anasoma.

"Luhaga, ni kweli?"

Luhaga akasema, "Mwulizeni mayu."

Baba mdogo akamgeukia mayu. "Shemeji Ng'washi. Vidonge hivi vilitoka kwa nani?"

Mayu alipangusa midomo kwa pindo la khanga, lile lile. Mimi nilikuwa nikimwangalia tu, na nilikuwa bado natumaini, Mungu ananiona.

"Nilikuwa mgonjwa," akasema. "Sikumbuki."

Baba mdogo akamwaga yale maji yaliyobaki. Hakusema yamefaa wala hayajafaa. Watu walisimama mmoja mmoja, wakakung'uta nguo. Esteria alipita karibu yangu akanigusa bega, basi.

30 Juni

Nimehamisha cherehani. Chumba mjini, nyuma ya stendi. Kelele.

6 Julai

Nimeletewa vitambaa na mwalimu mmoja wa Mwanhuzi. Hanijui, ndiyo maana.

Jumapili, 13 Julai

Esteria alipiga simu kwamba mayu hanywi tena maji akiachwa peke yake. Nilikwenda. Chumba ni kitupu, pamba imeuzwa, mlango wa uani uko wazi na jua linaingia hadi kitandani. Nyuzi nyeupe bado ziko kwenye pembe za ukuta. Nilimjazia kikombe nikakaa naye mpaka akamaliza, kisha nikajaza kingine. Ulimi una maji. Ngozi ya mkono inarudi. Mboni ziko sawa. Luhaga hakuwepo, Esteria alikuwa shambani, tulikuwa sisi wawili tu.

Nikamwuliza maswali ya daktari, kwa mazoea.

"Leo siku gani, mayu?"

"Jumapili. Nimesikia kengele."

"Tuko wapi?"

"Kwangu."

"Mimi ni nani?"

Akatabasamu, akanigusa shavu. "Milembe. Mwanangu."

Yote sahihi. Basi nikauliza na la nne, polepole, hakuna mtu wa kusikia isipokuwa mimi.

"Vile vidonge vilitoka kwa nani?"

Alinitazama machoni, macho safi kabisa, akanirudishia kikombe.

"Sikumbuki," akasema.